Ubia haupunguzi bei

Tarehe 23 Juni 1993 Baraza la Wawakilishi la Marekani liliulizwa swali moja: mradi wa kituo cha anga uendelee au uzikwe? Waliotaka uzikwe walikuwa 215. Waliokataa walikuwa 216. Mmoja tu kati ya hao 216 angegeuza kauli, hadithi ingeishia hapo.

Hasira yao ilikuwa na sababu. Januari 1984 Rais Ronald Reagan aliwaahidi wananchi wake kituo cha kudumu angani ndani ya miaka kumi, na makadirio yaliyotajwa yalikuwa dola bilioni 8. Sasa miaka kumi ilikuwa ukingoni. Michoro ilikuwa imechorwa, ikafutwa, ikachorwa upya. Mabilioni yalikuwa yamekwenda, na huko juu hakukuwa na hata bolti moja ya kituo hicho.

Leo kipo. Jioni ya anga safi, na kwetu uwanda wa kati jioni hizo ni nyingi tangu mvua zikatike mpaka zirudi, mtu aliyekaa nje ya nyumba yake Nzuguni, Dodoma, anaweza kukiona kikipita: nuru nyeupe isiyopepesa, inakatiza kwa dakika chache kisha inazimika ghafla inapoingia kwenye kivuli cha dunia. Kiko juu kilomita 400 na kidogo, ambazo hazifiki urefu wa barabara ya kutoka hapa hadi Dar es Salaam. Kinaizunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi. Shirika la Anga la Ulaya limewahi kuweka hesabu ya wabia wote pamoja, ujenzi na uendeshaji kwa miaka thelathini, ikafika kama euro bilioni 100.

Nalileta jambo hili Dodoma kwa sababu mjini kwetu kila mwaka kuna majira ya kugombana kuhusu gharama. Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali huingia bungeni, kama Ibara ya 143 ya Katiba inavyotaka, kwa kawaida Aprili, na kuanzia hapo mpaka bajeti ipite, kwenye mabanda ya chai ya stendi kuu ya Nzuguni hakuna mazungumzo mengine. Mradi uliopanda bei, jibu letu ni moja: kuna walioiba. Mradi uliopata mshirika wa nje, jibu letu pia ni moja: afadhali, mzigo umepata wa kutusaidia kuubeba. Mara nyingine la kwanza ni kweli. La pili ndilo linalonisumbua, maana tunalimeza bila kulitafuna. Ukisoma historia ya kile kituo unakuta kwamba washirika hawakukifanya kiwe cha bei rahisi. Walikifanya kiwe kigumu kuua. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na nchi inayotia saini mikataba mikubwa kama yetu inapaswa kujua inanunua lipi.

Urusi iliingia mwaka uleule wa kura moja. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umevunjika, wahandisi wake wa roketi walikuwa hawalipwi, na Washington ilihofia wangekwenda kuuza ujuzi wao kwa wasiotakiwa. Septemba 1993 serikali ya Bill Clinton ilikubaliana na Moscow kuunganisha nguvu. Wananchi wa Marekani waliambiwa kwamba ubia huo ungeokoa dola bilioni 2 na kuharakisha kazi. Maneno matamu, na bado yanatumika, hapa na kwingineko.

Moduli ya kwanza, Zarya, iliundwa Moscow kwenye kiwanda cha Khrunichev, ikarushwa Novemba 1998 kutoka Baikonur, Kazakhstan, na ikawa mali ya Marekani kwa sababu Marekani ndiyo iliyoilipia. Moduli iliyofuata kutoka Urusi, Zvezda, ndiyo iliyotakiwa kubeba makazi ya wanaanga na injini za kukishikilia kituo kisishuke. Hiyo Urusi iliahidi kuigharamia yenyewe, na hazina ya Urusi ilikuwa tupu. Zvezda ilichelewa kwa karibu miaka miwili, ikaruka Julai 2000. Kwa kuogopa kwamba huenda isije kabisa, Wamarekani walianza kuunda chombo cha akiba, wakakitia fedha, na hakikuruka hata siku moja. Wakaguzi wao wa serikali walikuwa wameshaonya mapema kwamba akiba inayohubiriwa ingeliwa na gharama za huohuo ushirikiano. Kila upande ulikuwa na vipimo vyake, lugha yake, mfumo wake wa umeme, na watu wa kukaa katikati kuvioanisha hawafanyi kazi bure.

Lakini tazama kilichotokea bungeni. Juni 1994, mwaka mmoja tu baadaye, hoja ileile ya kuua mradi ilirudishwa. Safari hii ilianguka kwa kura 278 dhidi ya 155. Bei haikuwa imeshuka. Kilichobadilika ni kwamba kuua kituo sasa kulikuwa kuvunja ahadi kwa Urusi pia, juu ya Japani, Canada na Ulaya, kwa mpigo, na mbunge wa jimboni asiyejali nyota wala mwezi aliliona hilo.

Hapa Nzuguni, ambako kila mtaa mpya una maboma yanayosubiri kupauliwa, siasa za namna hii hazihitaji profesa. Jirani yangu alipoanza kujenga, fundi alimwandikia makadirio kwenye karatasi iliyochanwa kutoka kaunta buku: tripu za mchanga na kokoto, mifuko ya simenti, nondo za milimita 12, mbao, misumari, na chini kabisa neno moja, ufundi. Hapakuwa na mstari wa mwamba utakaokutwa shimo la choo likifika futi tano, wala wa bei ya bati itakayokuwa imepanda mwakani. Jirani akauliza: na hela ikipungua? Fundi akacheka. “Bosi, wewe tuanze kwanza. Nyumba ikishafika kwenye lenta hutaiacha.”

Fundi yule hakuwa mwizi. Alijua bei kamili ikisemwa siku ya kwanza, kazi haipo. Dola bilioni 8 za mwaka 1984 zilikuwa karatasi ya kaunta buku: hazikuhesabu gharama za kuvirusha vipande vyenyewe, wala za kukiendesha kituo kikishakamilika. Mwaka 1993 wakaweka kikomo kipya, dola bilioni 17.4 mpaka ujenzi uishe. Mwaka 1998 jopo la wataalamu likasema itafika kama bilioni 24.7. Mwaka 2001 ikatangazwa kwamba kuna pengo jingine la bilioni 4.8, na hapo subira ya Ikulu ya Marekani ikakatika. Moduli ya makazi ikafutwa. Chombo cha kuokolea wanaanga saba wakati wa hatari kikafutwa. Kituo kilichopangwa kwa watu saba kikabaki na watatu, na ilikadiriwa kwamba watu wawili na nusu wanahitajika kwa matengenezo tu. Ulaya na Japani, waliokuwa wanamalizia maabara zao, walibaki kuuliza nani atafanya utafiti ndani yake: nusu mtu?

Walilalamika sana. Haikusaidia, angalau kwa miaka minane iliyofuata, mpaka 2009 wakazi walipofikishwa sita. Mwenye hisa kubwa akikata, mdogo hupewa taarifa. Hili nalo ni la kuliweka akilini.

Sasa nije nyumbani, maana uwanda huu una kielelezo chake, na hakuna haja ya kwenda mbali. Ukitoka Nzuguni kwa barabara ya Dar es Salaam, ukapita Ihumwa, Mtumba, Chamwino na Buigiri, ukifika Mbande unakata kwenda Kongwa. Huko Waingereza walizika fedha nyingi shambani.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha na Uingereza haikuwa na mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, akaja na wazo la kulima karanga kwa matrekta katika pori la Tanganyika. Serikali ya chama cha Labour ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield. Kwa majuma tisa walizunguka, mengi yake kwa ndege, wakarudi na taarifa ya matumaini. Waraka wa serikali wa Februari 1947 ukataja zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, kwa paundi milioni 24 hivi. Ilitarajiwa kwamba ndani ya miaka michache zingevunwa tani 600,000 za karanga kila mwaka.

Matrekta yaliyopatikana yalikuwa masalia ya jeshi la Marekani, mengine yaliletwa kutoka Ufilipino yakiwa yameshachoka. Vifaru vya kivita vya Sherman vilikatwa, vikageuzwa kuwa matrekta kwenye viwanda vya Vickers. Mibuyu ya Ugogo haikung'oka kirahisi, na ndani yake walikaa nyuki ambao hawakuwa wameshirikishwa kwenye mpango. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi na mchanga mkali: mvua ikinyesha unalainika, ikikatika unakakamaa, jembe linakwanguka na karanga zinabaki ardhini hazitoki. Halafu mvua yenyewe. Mgogo yeyote angewaambia. Wenyeji walilima uwele na mtama kwa sababu waliijua nchi yao. Wameishi na njaa zake wakazipa majina. Msimu wa kwanza ulikusudia ekari 150,000, na zilizopandwa hazikufika 10,000.

Januari 1951 London ilitangaza basi. Zaidi ya paundi milioni 36 zikafutwa vitabuni. Tulichobakiza ni shamba la mifugo, majengo ambayo miaka ya sitini yalipokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na huko Mtwara bandari, kwani mradi ulikuwa na tawi lake Nachingwea.

Wengi hutumia Kongwa kama mfano wa jeuri ya mkoloni, na ni kweli. Mimi nauona pia kama mfano wa mradi wenye mmiliki mmoja. Bei ilipopanda, aliyebanwa alikuwa waziri mmoja, John Strachey, mbele ya Bunge moja. Upinzani ulimshambulia, magazeti yakamchora vikaragosi, na baada ya miaka minne mradi ukafa. Fikiria ungekuwa na washirika kumi na watano, kila mmoja na kiwanda chake cha matrekta na wabunge wake wa kutetea ajira. Nina hakika pori la Kongwa lingeendelea kukwanguliwa mpaka Uhuru. Kwa hiyo nikisema ubia hufanya mradi uwe mgumu kuua, sisifu moja kwa moja. Hulinda kizuri na kibaya kwa nguvu ileile. Pale Kongwa dawa haikuwa washirika wengi wa Ulaya. Alihitajika mshirika mmoja mwenye haki ya kusema kwamba udongo huu haufai, na asikilizwe, na huyo alikuwa anachunga ng'ombe kando ya barabara akitazama vifaru vikipita.

Turudi angani, kwenye kitu ambacho wale wabia walikifanya vizuri kuliko sisi. Mkataba wao wa Januari 1998, uliotiwa saini na nchi kumi na tano, uliweka utaratibu wa kukwepa kulipana fedha taslimu kadiri inavyowezekana. Kila mmoja analeta kitu. Canada ilileta mkono wa mitambo unaoshika na kuunganisha vipande. Japani ilileta maabara ya Kibo. Ulaya ilileta maabara ya Columbus, iliyoundwa Bremen, Ujerumani. Kwa kuwa ilihitaji kubebwa na chombo cha Marekani, Ulaya haikulipa nauli kwa dola. Ililipa kwa kuwaundia Wamarekani moduli mbili za kuunganishia, Harmony na Tranquility, kwenye kiwanda cha Turin, Italia. Upande wa Marekani wa kituo una gharama za pamoja za uendeshaji, na Ulaya inadaiwa asilimia 8.3. Nayo kwa miaka mingi ililipa kwa kupeleka mizigo kwa vyombo vyake yenyewe, vitano kwa jumla, cha kwanza mwaka 2008.

Columbus nayo ilichelewa na kupanda bei. Ila fedha ya ziada ilitumika wapi? Bremen na Turin. Ililipa mshahara wa mchomeleaji wa Turin, kodi yake ikaenda Roma, na ujuzi ukabaki kichwani mwake. Mpaka leo kiwanda kile kinapewa kazi za kuunda vyumba vya angani na kampuni za Marekani. Gharama ilizidi, ndiyo, lakini ilizidi nyumbani.

Linganisha na bomba la mafuta ghafi linalojengwa kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, ambalo linakatiza pia kaskazini mwa mkoa wetu wa Dodoma. Shirika letu la mafuta, TPDC, lina asilimia 15, sawa na shirika la Uganda. TotalEnergies wana 62 na CNOOC ya China 8. Bei iliyotajwa mwanzoni ilikuwa dola bilioni 3.5. Sasa imevuka bilioni 5. Mwenye asilimia 15 ya mradi uliopanda anatakiwa aongeze mtaji au hisa zake zipungue. Sisi tumechangia pia ardhi na njia, na vijana wetu wako saiti, sikatai. Lakini hisa zetu zinahesabiwa kwa dola, na mabomba yenyewe yalitoka China. Ongezeko la gharama linatufuata mfukoni kuliko linavyotufuata kiwandani.

Brazil ndiyo iliyoniumiza zaidi niliposoma historia hii, kwa sababu inafanana nasi. Oktoba 1997 ilikubaliana na shirika la anga la Marekani, NASA, kutengeneza vifaa vya kituo, vya thamani ya kama dola milioni 120, na kwa malipo ingepata nafasi ya utafiti na safari ya mwanaanga wake. Gazeti gani lisingeshangilia? Sarafu yao ikaporomoka mwaka 1999, bei ya vifaa ikapanda, bajeti ikakatwa mwaka baada ya mwaka, na vifaa havikutoka. Mwanaanga wao, Marcos Pontes, alikwenda angani mwaka 2006, lakini kwa tiketi ya roketi ya Urusi ambayo Brazil iliinunua. Mwaka uliofuata jina la nchi yake halikuwamo tena kwenye orodha ya wachangiaji. Kituo kilisonga mbele bila wao, kwa maana kifaa chao hakikuwa kwenye njia ambayo wengine hawawezi kuipita.

Hapo ndipo nguvu ya kweli ya mbia ilipo, na si kwenye asilimia. Urusi ilikuwa maskini kuliko wote pale mezani, lakini ilishika injini. Chombo cha Columbia kilipopasuka Februari 2003 kikiwa na wanaanga saba, na Marekani ikasimamisha ndege zake za anga kwa zaidi ya miaka miwili, Soyuz za Urusi ndizo zilizopandisha na kuteremsha watu. Baada ya 2011 Marekani haikuwa na usafiri wake wa wanaanga hata kidogo, na kiti kimoja kwenye Soyuz kilikuja kufika karibu dola milioni 90, hadi kampuni ya SpaceX ilipobeba wanaanga Mei 2020. Julai 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimechacha, mkuu wa shirika la anga la Urusi, Yuri Borisov, alisema watajitoa baada ya 2024. Hawakutoka. Mwaka uliofuata walikubali kubaki hadi 2028. Injini ni za Urusi, umeme mwingi ni wa Marekani, na kuta zimeunganishwa. Aachane nani na nani?

Majirani zetu wa Kenya wana somo lao, na lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa mawili ya chuma, San Marco na Santa Rita, hilo la pili likiwa jukwaa la zamani la kuchimbia mafuta. Marekani ilitoa roketi za Scout na mafunzo. Kenya ilitoa bahari na latitudo: karibu na ikweta dunia inakupa msukumo wa bure. Tangu Aprili 1967 hadi Machi 1988 setilaiti zilirushwa pale, mojawapo ikiwa ya kwanza duniani kwa kazi ya kupima miali ya eksirei kutoka nyota za mbali. Iliruka tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru, na ikaitwa Uhuru.

Jina zuri. Data zilikwenda Marekani, na mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa miongo kadhaa malalamiko ya Nairobi yalikuwa yaleyale: kodi ndogo ya eneo, wataalamu wachache waliofundishwa, picha na takwimu zisizofika. Makubaliano mapya yalitiwa saini Trento, Italia, Oktoba 2016, na safari hii mafunzo na kupata data viliandikwa ndani. Mei 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kushirikiana na chuo cha Sapienza cha Roma, kikawa na setilaiti yake. Ilikuwa mchemraba wenye pande za sentimita kumi, na ilisukumwa angani kutoka maabara ya Kibo kwenye kilekile kituo kinachopita juu ya Nzuguni. Miaka hamsini na mmoja tangu setilaiti ya kwanza kurushwa Ngomeni.

Uganda ilichukua njia nyingine. Haikuwa na bahari wala jukwaa la kukodisha. Ilituma wahandisi vijana watatu kwenye Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, wakasoma kwa kuunda, na PearlAfricaSat-1 ikaachiwa kutoka Kibo Desemba 2022. Ndogo, ya maisha mafupi. Lakini mikono iliyokaza skrubu zake ilikuwa ya Waganda. Kwa hesabu zangu Uganda ilifanya biashara nzuri kuliko Malindi ilivyofanya kwa nusu karne.

Na sisi? Tunayo reli ya TAZARA, ambayo nikiitazama naona sura zote mbili za ubia. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikuwa zimekataa, zikisema haitalipa. China ikakubali: mkopo usio na riba, ujenzi kuanzia Oktoba 1970, na reli ya kilomita 1,860 ikafika Kapiri Mposhi, Zambia, mwaka 1975, kabla ya muda uliopangwa. Sehemu ya gharama za ndani tulizilipa kwa kununua bidhaa za China zikauzwa madukani, utaratibu ambao watu wa kituo cha anga wangeutambua mara moja. Kisha reli ikabaki na wamiliki wawili, nusu kwa nusu, Dar es Salaam na Lusaka, hakuna awezaye kuiuza peke yake na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoa hela ya matengenezo. Haikufa. Haikufika pia tani milioni 2 kwa mwaka zilizokusudiwa. Mwaka 2025 wamerudi Wachina walewale, safari hii kampuni ya CCECC, kwa mkataba wa miaka thelathini wa dola bilioni 1.4.

Mabwawa na reli za karibuni ni habari tofauti, na nadhani tunazichanganya. Waliojenga Bwawa la Julius Nyerere, Arab Contractors na Elsewedy wa Misri, walikuja kama wakandarasi. Mkataba ulikuwa wa Desemba 2018, shilingi trilioni 6.5, kazi iishe Juni 2022. Mtambo wa kwanza uliwasha umeme Februari 2024. Reli ya kisasa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro ilitakiwa kukamilika Novemba 2019, na abiria wa kwanza walilipa nauli Juni 2024. Mkandarasi hulipwa kwa hati ya kazi iliyofanyika, akimaliza anafunga kambi. Umeme usipokuja, anayelala giza ni wewe. Hata mji huu wenyewe ni mradi uliochelewa: uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, ramani kuu ilichorwa na kampuni ya Toronto, na muda uliopangwa ulikuwa miaka kumi. Rais alihamia rasmi mwaka 2019.

Nayasema haya kwa kuwa Serikali imeshatamka zaidi ya mara moja kwamba Tanzania nayo itakuwa na setilaiti yake. Sina ugomvi na nia hiyo. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi na mfugaji wa Kongwa wanahitaji taarifa za mvua na malisho kuliko mtu yeyote wa mjini, na kununua picha za wengine milele ni gharama pia. Kenya ilirusha Taifa-1 Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX, kwa bei iliyotajwa ya shilingi zao milioni 50 hivi, ambayo kwa vipimo vya miradi yetu ni fedha ya barabara fupi sana. Si lazima jambo hili liwe jinamizi la bajeti.

Ila najua litakavyoletwa. Litaitwa ubia wa kimkakati, na tutaambiwa kwamba kwa sababu ya ubia huo tutaokoa fedha. Hapo ndipo ningependa mtu asimame. Gharama ikipanda kwa nusu, nusu hiyo itatumika wapi: kwenye karakana ya Chuo Kikuu cha Dodoma, pale Chimwaga, au kwenye akaunti ya kampuni ya ng'ambo? Kuna kipande gani cha mfumo huo ambacho mshirika hawezi kukipata bila sisi, hata kama ni kituo kimoja cha kupokelea mawimbi kwenye mwinuko usio na kelele za mji? Mshirika akikata wanafunzi kutoka ishirini hadi watano kwa kuwa bajeti yake imebana, tutakuwa na kifungu cha kumshika, au tutapewa taarifa kama Wajapani mwaka 2001?

Na kuna mstari mmoja zaidi ambao karatasi ya fundi huwa haina. Mwaka 2024 NASA iliipa SpaceX mkataba unaoweza kufika dola milioni 843 kwa ajili ya chombo cha kukiteremsha kituo kizima baharini baada ya 2030. Hizo ni fedha za kubomoa, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya bei yote iliyotajwa mwaka 1984. Setilaiti ndogo huteketea yenyewe ikirudi kwenye hewa, lakini antena, seva, leseni za programu na mishahara ya wanaosoma data havijiteketezi, na chombo chenyewe kikiisha baada ya miaka mitano kinahitaji kingine. Kamati ya Bunge ya Miundombinu inaweza kuanzia hapo siku wizara yenye dhamana ya mawasiliano itakapoleta kifungu cha setilaiti hiyo: iombwe bei ya mwaka wa sita, na mkataba wenyewe uwekwe mezani pamoja na viambatanisho vyake, kabla ya kura.